Pampu ya Shingo Fupi

Jumamosi ile nayo feni iliuma rejeta.

Verlin Stancil aliisikia kabla hajaiona. Orbie Tackett alikuwa ameshika mnyororo wa winchi, anaishusha injini taratibu, na Verlin yuko mbele ya gari, kapiga goti kwenye saruji, kiganja kimoja juu ya injini, anaielekeza kama mtu anayemwelekeza ng'ombe mlangoni. Kukasikika mkwaruzo mdogo wa chuma kwenye shaba. Injini ilikuwa haijakaa bado kwenye vikalio vyake, na tayari ncha ya feni imeshaingia kwenye mapezi ya rejeta.

"Simamisha," akasema.

"Nimesimamisha."

"Imegusa."

"Najua imegusa, bwana. Wiki jana iligusa, wiki juzi iligusa, na Pasaka iligusa. Ulidhani leo itaona haya?"

Verlin alibaki pale chini kwa sababu kuinuka kulitaka mpango, na mpango hakuwa nao. Joto la mji wa Oildale mwezi wa Julai halina adabu. Milango yote ya gereji ilikuwa wazi na bado hewa iliyokuwa ikiingia ilitoka huko nje imeshapikwa. Mgongo ulimuuma. Magoti ndiyo usiseme. Orbie, aliyekuwa na miaka sitini na tisa, mmoja zaidi yake, aliufunga mnyororo, akakaa juu ya ndoo ya rangi aliyoigeuza, akajipangusa uso kwa kofia.

Gari lenyewe lilikuwa Fodi ya milango miwili ya mwaka wa thelathini na moja, hotrodi, yaani gari kuukuu lililojengwa upya kwa mbio, limepunguzwa paa, limevuliwa mabawa ya magurudumu, limeshushwa tumbo mpaka karibu na ardhi. Kirby, mtoto wa pekee wa Verlin, ndiye aliyelianza. Alilikuta likiwa bodi tupu kwenye zizi la mbuzi huko Taft, akalitengenezea chesisi kwa mikono yake, kisha akalinunulia injini ya Kadilaki ya mwaka wa hamsini na moja iliyotolewa kwenye gari la kubebea maiti. Hapo ndipo alipofikia. Mwaka juzi, wakati wa baridi, moyo wake ulisimama akiwa kazini kwenye visima vya mafuta, mchana kweupe, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, na gari likabaki kwenye gereji ya mkewe na bati lake tupu.

"Nakwambia ni injini yenyewe," Orbie alisema. "Imebeba maiti maisha yake yote. Haijawahi kuharakishwa na abiria. Unafikiri itafanya haraka kwa ajili yako?"

"Nyamaza kidogo, Orbie."

"Nikinyamaza nitasinzia."

Tatizo lilikuwa la vidole vinne. Injini ilikuwa ndefu kuliko nafasi yake kwa vidole vinne, basi. Mtu wa kawaida angesema, isogeze rejeta mbele. Lakini watu wa hotrodi wana dini yao, na katika dini hiyo rejeta hukaa juu ya ekseli ya mbele, si mbele yake. Gari lililosukumwa pua huchekwa na kila mwenye macho tangu Bakersfield mpaka kwenye maziwa makavu, yale yaliyokauka maji jangwani, wanakoshindana mbio, na Kirby mwenyewe alikuwa wa kwanza kulicheka. Basi rudisha injini nyuma. Nyuma kulikuwa na ukuta wa bati unaotenga injini na miguu ya dereva, na ukuta huo Kirby aliugonga kwa nyundo majira mazima ya joto, inchi kwa inchi, mpaka ukawa laini kuliko wa kiwandani. Verlin alikuwa ameapa kwamba msumeno hautaugusa.

Kwa hiyo kila Jumamosi injini iliingia, ikagoma, ikatoka. Walijaribu kupunguza mapezi ya feni. Walijaribu kuinamisha rejeta kidogo. Walibadilisha vipande vya mpira kwenye vikalio, vyembamba kwa vinene, vinene kwa vyembamba. Halafu saa sita walikula kwa Darla, mjane wa Kirby, maharage na mkate wa mahindi, na binti yake mdogo Joellen akamwonyesha babu yake michoro ya wiki nzima, farasi tu, na kila mtu akaenda zake.

Sasa tuseme ukweli ambao Verlin hakumwambia mtu. Dawa ya vidole vinne ilikuwepo. Ilikuwa chini ya meza yake ya kazi, nyumbani kwake, mtaa wa sita kutoka hapo, imezungushiwa taulo kuukuu. Enzi za ujana wake, kabla hajajuana na Orbie, Verlin alikimbiza gari lenye injini kama hiyo hiyo kwenye maziwa makavu, na fundi mmoja wa vyuma wa Lancaster alimfupishia pampu ya maji: aliikata shingo inayobeba feni, akaichomelea upya, feni ikarudi nyuma hadi karibu na injini. Pampu ya shingo fupi. Ingeingia hapo kama kidole kwenye pete. Verlin alilijua hilo tangu Jumamosi ya kwanza, akajitia hamnazo.

Si kwamba alikuwa mtu wa hila. Alikuwa mtu aliyechoka, mwenye nyumba ambayo ukikohoa unajisikia mwenyewe. Mkewe alikwishatangulia zamani. Darla alikuwa ameahidiwa kazi kule Carson City, Nevada, kwa mama yake, ng'ambo ya milima, kwenye hospitali yenye zamu za mchana, na alikwisha kusema waziwazi kwamba hataondoka kabla gari la Kirby halijasimama kwa magurudumu yake na kunguruma. Alilisema hilo msibani, mbele ya watu. Basi Verlin alipiga hesabu yake ya kitoto: injini isipoingia, Darla haondoki, Darla asipoondoka, Jumamosi ipo, maharage yapo, farasi wa Joellen wapo. Alikuwa na aibu na hesabu hiyo. Lakini aliifuata.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Darla alitoka akiwa bado na sare ya kazi, nywele kazifunga hovyo kwa penseli. Alikuwa mtu wa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, na usingizi wake wa mchana ulikuwa wa kuibia.

"Imeingia?" aliuliza.

"Imeingia nusu," alisema Orbie. "Kama mimi kwenye suruali ya harusi."

Darla hakucheka. Aliegemea kizingiti, akaitazama injini ikining'inia.

"Baba," alimwambia Verlin, "Carson City wamepiga simu. Wanataka nianze tarehe mosi. Nimekubali."

Verlin alikuwa bado amepiga goti. Aliendelea kuitazama ncha ya feni.

"Tarehe mosi ya mwezi gani?"

"Unaokuja. Mwenye nyumba ameshapata wapangaji. Wana mashua, wanaitaka gereji."

"Ulisema hutaondoka kabla..."

"Nilisema. Na sasa nasema nimechoka. Siwezi tena, baba. Nageuza wazee usiku kucha, narudi hapa nakuta winchi inalia, Joellen anakua bila kuniona nikiwa macho. Nisikilizeni wote wawili. Kama leo haliingii, kuna jamaa wa Fresno atakuja Jumatatu kulichukua vipande vipande."

Orbie alipiga mluzi mdogo. Kisha akainuka, kwa kuguna, akaenda kwenye kona, akarudi na grenda ya kukatia chuma na waya wake mrefu.

"Basi mambo yameisha," alisema. "Tunakata ukuta. Tunaukatia nafasi kidogo hapo kati, injini inarudi nyuma, tunakwenda kulala. Verlin, usinikodolee macho. Najua ulichoapa."

"Hutaukata."

"Ndugu yangu, hii ni hotrodi. Hakuna kitu kwenye gari hili ambacho hakijakatwa. Paa limekatwa, chesisi imekatwa, hata kiti ni cha ndege. Ukuta mmoja tu ndio unataka kuufanya kanisa?"

"Kirby aliugonga kwa mkono."

"Na Kirby alikosea," Orbie alisema. Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama alivyolisema Jumamosi zote, akiwa anatafuta mahali pa kuchomeka waya. "Nilimpenda kama wangu, unajua. Lakini alipanga vikalio kwa injini tupu, bila pampu wala feni. Kosa la wanafunzi. Kila mtu hulifanya mara moja. Alipima vibaya, na aliyepima vibaya lazima mtu mwingine amkatie."

Verlin alikuwa amelisikia neno hilo wiki baada ya wiki na kulimeza, kwa sababu lilimfaa. Kama Kirby alikosea, basi hakuna wa kuulizwa kwa nini injini haiingii. Siku zote lilipita kooni kama dawa chungu. Leo halikupita.

Orbie alichora mstari kwa chaki juu ya bati lile laini, akavaa miwani, akaishika grenda. Ikaanza kuvuma. Verlin aliuona mstari mweupe, akaona na mkono wa rafiki yake, mkono uliochoka lakini usiotetemeka, ukiusogelea.

"Zima," alisema Darla.

Orbie hakusikia. Darla akavuka sakafu na kuuchomoa waya ukutani kwa mkono wake. Grenda ikafa kwa mlio wa kulalamika.

"Hakupima vibaya," alisema.

"Mama, mimi nimekuwa nikipima injini tangu..."

"Orbie, hakupima vibaya. Usilirudie tena neno hilo ndani ya nyumba hii." Sauti yake haikupanda, hakuwa na nguvu ya kuipandisha. "Alipima kwa pampu ya baba yake. Pampu fupi, iliyo chini ya meza, kwenye taulo. Alinichorea hapa hapa sakafuni, kwa chaki kama hiyo. Akasema, injini itakaa hapa, feni itakuwa hapa, kidole kimoja kutoka kwenye rejeta. Nikamwuliza, pampu umeshamwomba? Akasema bado. Akasema nikimwomba mapema mzee atanitania mwaka mzima kwamba siwezi kujenga gari bila vyuma vyake. Nitamwomba siku ya mwisho, akiwa hana nafasi ya kunisema."

Huko nje, kilimani, pampu za mafuta zilikuwa zikiinama na kuinuka kama kawaida yake.

Orbie alivua miwani. Alimtazama Verlin, akatazama feni, akamtazama Verlin tena, na uso wake ukaelewa kidogo kidogo, kwa hatua, kama mtu anayeshuka ngazi gizani.

"Unayo," alisema. "Miezi yote hii. Magoti yangu haya. Unayo!"

"Ninayo."

"Kila Jumamosi nimemtukana marehemu mbele yako, na wewe unayo."

Orbie aliiweka grenda chini kwa uangalifu mkubwa, uangalifu wa mtu anayeogopa atakachofanya akiitupa, akatoka nje kwenda kukaa kwenye gari lake na milango wazi.

Ndipo Verlin akakaa chini kabisa, pale kwenye saruji, akaegemea gurudumu. Aliwahi kudhani kwamba kabla ya kufa kijana wake hakumhitaji tena. Walikuwa wakigombania hata namna ya kukaza nati. Kumbe Kirby alijenga gari zima, akaacha uwazi wa pampu moja, akiwa na hakika kwamba baba yake ataujaza. Hakuwa hata na wazo kwamba atanyimwa. Na yeye akaukalia uwazi huo miezi kama kuku.

"Ulijua tangu lini?" alimwuliza Darla.

"Tangu Jumamosi ya kwanza."

"Mbona hukusema?"

Darla alikuja akaketi kwenye ile ndoo ya Orbie. Alifumbua macho kwa shida.

"Ningesema nini? Ulikuwa unakuja. Unakula. Joellen anakungoja dirishani tangu asubuhi. Na mimi nilikuwa sitaki kuondoka, baba. Kila ilipokwama nilifurahi. Nilikuwa napika maharage huku nimefurahi, ujinga mtupu. Sasa nguvu zimeniisha, ndiyo tofauti. Wewe bado unazo nguvu za kudanganya. Mimi sina."

"Gari likiisha, nitakuja hapa kufanya nini?" Verlin alisema. Ilimtoka hivyo hivyo, bila kupambwa. "Hapa patakuwa na watu wa mashua."

"Kalete pampu."

Alikwenda. Alipita kwenye gari la Orbie, naye Orbie akatazama upande mwingine, lakini kabla hajafika barabarani akamsikia akisema, "Na gasketi! Usijifanye umeisahau gasketi." Hapo Verlin akajua kwamba atasamehewa, ingawa si leo.

Walipoifunga, saa tisa ilikuwa imepita, na joto lilikuwa limefika pale ambapo hata funguo zinaunguza. Hakuna aliyezungumza zaidi ya ya lazima. Nati. Hiyo nyingine. Shika hapa. Verlin aliitoa pampu ndefu, akakwangua mabaki ya gasketi kwa kisu, akaiweka ile fupi, akarudishia feni. Orbie akaufungua mnyororo na kuishusha injini, na safari hii ilishuka, ikashuka, ikakaa kwenye vikalio vyake bila ubishi, bolti zikaingia kwa vidole. Verlin aliizungusha feni kwa mkono. Ilizunguka bila kugusa kitu. Akaingiza kidole cha shahada kati ya feni na rejeta. Kilienea hapo, kimoja, bila kubana na bila kucheza.

Alikiacha kidole pale muda mrefu kidogo. Wenzake walimwacha.

Kisha wakafunga mipira ya maji, juu miwili na chini miwili, wakajaza rejeta kwa ndoo, wakaiungia betri na kopo la petroli. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweusi usoni kwa Orbie, ikakataa, ikakohoa tena. Mara ya tatu ikashika. Mabati yote ya gereji yakaanza kutetemeka. Joellen akatoka mbio na kalamu zake za rangi, kaziba masikio na huku anapiga kelele ya furaha ambayo hakuna aliyeisikia. Orbie, masizi mpaka kwenye nyusi, alisogea sikioni kwa Verlin.

"Kumbe maiti anaamka!" akapiga kelele.

Darla alilia. Alilia amesimama, mikono imening'inia, bila kujifuta. Verlin aliiacha injini ingurume mpaka rejeta ikapata moto na mpira mmoja wa chini ukaanza kudondosha matone, ndipo akaizima.

Basi imekwisha, aliwaza. Ndiyo hii.

"Yule wa Fresno nitampigia," alisema. "Asije. Nitatafuta mtu wa trela akubebee gari mpaka Carson City."

"Trela?" Orbie aliruka kana kwamba ametukanwa. "Hotrodi juu ya trela? Mbona usilivalishe na nepi kabisa?"

"Nani kasema linakwenda kwangu?" Darla alisema. Alikuwa anamfuta Joellen masizi aliyopata bila kujua. "Mimi sijui hata kuliwasha. Ni lako, baba. Nilitaka lisimame ili liwe lako."

"Mimi nina gari."

"Una pikapu ambayo giaboksi yake haifiki hata hapo Tehachapi. Umeniambia mwenyewe mara mia. Siendi mbali, pikapu haiwezi. Siji Krismasi kwa mama yako, pikapu haiwezi." Akakielekezea kidole kile chuma cheusi kilichokuwa bado kikitoa mvuke. "Haya. Hiyo inaweza."

Verlin alilitazama gari. Lilikuwa bila rangi, bila vioo, na waya wa umeme ulining'inia chini ya usukani.

"Itachemka mlimani," alisema. "Rejeta ndogo hiyo. Kwa mwinuko ule itachemka tu."

"Si utabeba maji."

"Nitasimama kila maili kumi."

"Simama. Kwani nani anakukimbiza? Kule nako Jumamosi zipo, baba. Maharage nitapika."

"Babu, uje na Orbie," alisema Joellen. "Awe anashika maji."

"Mimi?" Orbie alisema. "Baada ya alichonifanyia? Siendi naye hata dukani." Halafu, huku anakusanya spana zake bila kumtazama mtu, akaongeza, "Kile kiti cha abiria kinataka mto. Mgongo wangu haukai kwenye bati tupu mpaka Nevada."

Verlin alitaka kucheka, lakini alikuwa amechoka mno. Alipiga goti tena, kwa mpango, akaweka mkebe chini ya ule mpira uliokuwa ukidondosha, akaanza kutafuta bisibisi ya kuukaza.